Hariri ya Bibi wa Mlimani

Upatu ulimwangukia Bualai mwezi wa nne,
akasema: mwaka huu sinunui friji.
Tukavifunika vitanda vya kufumia kwa shuka,
tukawaachia waume kuku na viwavi wa hariri
(hawa hula usiku kucha, tuliwaambia, msilale),
tukapanda treni pale Banphai,
wanawake watatu, kikapu kimoja cha wali wa kunata,
siku tatu za kuwa watalii Hua Hin.

Bualai alikuwa na orodha.
Stesheni ya mbao, nyekundu na rangi ya maziwa: picha.
Kilima cha tumbili: picha,
na tumbili mmoja akapokonya miwani ya Khamphu,
akaivaa kichwa chini,
akatutazama kama afisa wa mikopo.
Bahari: tuliingia na nguo zetu zote,
Wazungu walioanikwa kama ng'onda
wakainua vichwa.
Khamphu aliyaonja maji mara mbili,
ya pili ili awe na hakika.
"Chumvi yote hii," alisema,
"na sisi kwetu tunachemsha udongo kuitafuta."

Usiku, soko.
Taa mpaka mwisho wa barabara, pweza kwenye makaa,
sabuni zilizochongwa kama embe,
kaptula za tembo, tembo, tembo.
Nilimnunulia mwanangu kaa wa plastiki wa kuning'iniza funguo,
nikajisifu kwa bati kumi na tano nilizopunguziwa.

Halafu nikaiona.

Mwanao unamjua hata akivaa sare
katikati ya watoto mia mbili.
Ilitundikwa juu ya feni, hariri ya zambarau,
na upande wa kushoto, shubiri moja toka pindoni,
ule mshindio uliopanda hatua moja
usiku mtoto alipokuwa na homa
nami nikifuma kwa mkono mmoja,
wa pili uko kwenye paji lake.

"Shika, mama, shika tu," muuzaji akasema.
"Kaifuma bibi wa mlimani, miaka tisini,
haoni tena, anafuma kwa vidole.
Akifa yeye, basi."
Elfu nne na mia tano.

Nina miaka arobaini na mmoja.
Kwetu hakuna mlima, kuna vichuguu
na mnara wa simu.
Nililipwa mia tisa. Ingekuwa elfu,
mia ikakatwa kwa ajili ya kosa.

Bualai alishavuta pumzi.
Namjua, akianza hata polisi huketi.
Nikamkanyaga mguu,
kwa kuwa yule msichana (Rinlada, jina limeshonwa kwenye aproni)
lile neno "vidole" alilitamka kwa lafudhi ya kwetu,
akalimeza upesi
kama aliyeteleza akaangalia nani kaona,
na chini ya meza mtoto wake amelala
ndani ya katoni ya tambi.

"Punguza," nikasema. Mdomo una mazoea yake.
"Elfu nne."
"Mia tisa."
Akacheka, akacheka kweli. "Mama, kwa mia tisa
hata yule bibi hanywi uji."
"Hanywi," nikakubali.

Nikaishusha, nikainusa.
Moshi wa jiko langu umeshatoka, umebaki wa pweza.
Nikaikunja upya, kwa mkunjo wetu,
kosa likaingia ndani,
ua zima likakaa juu.
"Itundike hivi. Itauzika."
Akaitazama hariri,
akanitazama mikono,
akasahau kumjibu mteja mwingine.

Asubuhi treni ilichelewa dakika hamsini.
Khamphu, bila miwani, aliniuliza nimenunua nini.
Nikampa kaa, akampapasa makucha.
Bualai hakusema neno mpaka Ratchaburi,
akasema: "Kumbe friji
ni nguo mbili tu za bibi wa mlimani."

Viwavi tuliwakuta hai.
Waume, macho mekundu, wakauliza bahari ikoje.
Khamphu akasema: ina chumvi.